Kinga ya ubongo na ugonjwa wa Alzheimer: maswali kuhusu TREM2

Kwani ubongo nao una kinga yake?
Unayo. Seli zake za kinga huitwa mikroglia. Mhispania Pío del Río Hortega alizieleza mwaka 1919. Hupapasa huku na huko usiku na mchana, zikimeza seli zilizokufa na mabaki ya protini.

Kipokezi ni nini?
Ni protini iliyochomoza juu ya seli. Kitu kinachooana nacho kikikigusa, seli hupata habari na kubadili mwenendo. Kipokezi cha mikroglia kiitwacho TREM2 hunasa mafuta ya seli zilizoharibika, na pia amiloidi, protini inayoganda kuwa mabonge katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu polepole. Hapo mikroglia huamka na kulizunguka bonge ili lisiziumize neva za jirani.

Kasoro ya kipokezi kimoja tu ina uzito gani?
Mkubwa sana. Mwaka 2013 timu mbili za watafiti zilionyesha kuwa badiliko adimu katika jeni ya TREM2, liitwalo R47H, huongeza hatari ya Alzheimer takriban mara 3. Kabla ya hapo wengi waliamini kinga huchafuka kwa sababu ubongo umeshaugua. Lakini jeni mtu huzaliwa nayo, miaka mingi kabla hajaanza kusahau, kwa hiyo haiwezi kuwa matokeo ya ugonjwa. Kwangu mimi, hoja hiyo ndiyo iliyogeuza utafiti wote.

Aliyerithi nakala mbili za jeni hiyo zisizofanya kazi hupata ugonjwa wa Nasu-Hakola, ulioelezwa kwanza Ufini na Japani. Mifupa huvunjika ovyo, kisha akili hupotea, mara nyingi kabla ya miaka 50.

Basi nimnunulie mama dawa za kuongeza kinga?
Tafadhali usifanye hivyo. Kinga iliyochochewa mno nayo huua neva. Hata AL002, dawa iliyotengenezwa mahususi kuamsha TREM2, ilipojaribiwa kwa wagonjwa haikupunguza kasi ya Alzheimer. Matokeo yalitoka mwaka 2024. Sembuse chupa isiyojulikana ina nini.

Nifanye nini, basi?
Mpeleke hospitali mapema, na usikubali kuambiwa "ni uzee tu". Upungufu wa vitamini B12, sonona na kasoro za tezi ya shingo pia husahaulisha, na vina tiba. Presha na sukari zidhibitiwe. Masikio nayo yapimwe: kutosikia vizuri ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa huu.