Mizani pekee haitoshi kujua kama chatu jike yuko tayari kupandishwa

Kuna ujumbe unaozunguka tena na tena kwenye magrupu ya wafugaji: chatu jike akifikisha gramu 1,500, mpandishe. Unamhusu yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayefugwa sana Marekani na Ulaya, ambaye akiogopa hujikunja kama mpira.

Namba hiyo wafugaji huichukulia kama kiwango cha chini tu. Jike aliyelishwa kupita kiasi anaweza kuifikia akiwa bado mchanga, uzito wenyewe ukiwa mafuta. Ndiyo maana wengi husubiri afike miaka 3 hivi. Mtazame na mwili: misuli iwe imara, uti wa mgongo usichongoke, ngozi isiwe na mikunjo ya mafuta. Mwenye jibu la uhakika zaidi ni daktari wa mifugo anayejua nyoka, kwa kipimo cha ultrasaundi kinachoonyesha mayai yakikua ndani.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu namba hukumbukwa kirahisi. Lakini jike huyu akishataga huyazungushia mayai mwili wake kwa takriban miezi 2, kwa kawaida bila kula. Akianza akiwa dhaifu, anaweza hata kufa. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.