Yunifomu ya mtoto anayeanza shule: tunayoambiana na yalivyo kweli

Mwishoni mwa Desemba pita Kariakoo, mtaa wa Kongo au pale Uhuru, utaona wazazi wanavyohangaika, mkono mmoja umemshika mtoto aliyechoka kutembea na mwingine una mfuko wa mashati, jasho linatiririka, na muuza duka anajua kabisa huyu hana muda wa kuzunguka kwa hiyo bei anataja anavyotaka. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo kwa mtoto wangu wa kwanza. Nilisikiliza kila mtu, shangazi, jirani, mama wa dukani, nikatoa hela nyingi kuliko nilizokuja kutoa kwa huyu wa tatu, na bado mtoto alivaa vibaya tangu shingoni mpaka vidoleni. Kwa hiyo haya naandika nimeshayalipia ada.

"Siku hizi elimu bure, yunifomu ni kitu kidogo."

Kilichofutwa ni ada. Ule waraka wa elimu namba 5 wa 2015 ulianza kufanya kazi Januari 2016, msingi mpaka kidato cha nne, halafu 2022 wakaongezwa cha tano na cha sita, ila sare na madaftari vimebaki kwa mzazi kama zamani. Na sio kitu kidogo jamani. Magharibi mwa Kenya kuna watafiti walianza 2003 na shule 328, kwenye baadhi ya hizo shule watoto wa darasa la sita wakapewa sare bure, basi, na wasichana wanaoacha shule wakapungua na wanaopata mimba pia wakapungua. Kwa sare tu! Kwa hiyo mtu akikwambia unahangaika na kaptula kama unanunua kiwanja, mwache aseme.

"Chukua kubwa, atakulia humo humo."

Hii ndio mama wa zote na ina ukweli nusu ndio maana inatuponza. Mi nilichukua shati la miaka 9 kwa mtoto wa miaka 6, mabega yakashuka mpaka karibu na viwiko, kola ikawa inamwonyesha kifua kizima, nikampeleka kwa fundi wetu wa barazani anipunguzie, mzee akaliangalia akacheka akasema, "Mama, suruali ina pindo, bega halina pindo." Nililipa shati halafu nikalipa kulifumua na kulishona upya, na mwaka uliofuata likambana maana kilichokatwa hakirudi.

Sasa hesabu yenyewe iko hivi. Mtoto wa miaka mitano mpaka nane huongezeka urefu kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na hizo sio zote zinaenda kwenye kaptula, zinagawana mwili mzima. Ukimwambia fundi aache pindo la sentimita 7 au 8 kwenye kaptula au sketi, na kule nyuma kiunoni kwenye mshono aache akiba ya kitambaa kama sentimita 3 bila kukata, hiyo nguo unaifumua mwaka wa pili na inaenda. Kweli utaona mstari pale pindo lilipokuwa maana kitambaa cha nje kimepauka na cha ndani hakijapauka, sasa wewe unataka nini, mtoto anaenda shule haendi harusini. Shati ongeza saizi moja tu, sio tatu. Urefu na kiuno unaweza kuvifichia akiba, bega na shingo huwezi.

Na viatu ndio kabisa usithubutu. Viatu vikubwa vyenye pamba au karatasi puani, mguu unateleza ndani, kisigino kinachubuka, halafu kiatu chenyewe kinajikunja mahali ambapo vidole havijikunji kwa hiyo kinapasuka mapema, yaani umenunua kikubwa ili kidumu na ndicho kimekufa kwanza. Acha nafasi ya kama sentimita 1 mbele ya kidole kirefu, inatosha miezi mingi. Bibi yangu alikuwa anakata kijiti sawasawa na unyayo wetu anakwenda nacho mnadani, sisi tunabaki nyumbani, na alikuwa hakosei, mimi nachora kwenye karatasi, mtoto amesimama na sio amekaa, jioni sio asubuhi maana mguu jioni unakuwa umejaa kidogo, na napima miguu yote miwili kwa sababu kuna mmoja huwa mrefu zaidi. Halafu vikishanunuliwa, kabla havijagusa vumbi, pitia kwa fundi viatu avizungushie uzi soli yote. Vingi vya bei yetu vimegundishwa tu, mvua moja vinafungua mdomo.

"Mtoto avae kama wakubwa, zipu na mkanda, ndio anapendeza."

Kwenye picha alipendeza kweli, ninayo mpaka leo. Siku ile ile ya kwanza, mchana naenda kumchukua namkuta kakaa peke yake pembeni ya ukuta, kaptula imelowa, hataki kuniangalia. Kumbe alienda chooni mapema tu vizuri kama alivyofundishwa, tatizo kulabu ya kiunoni ilimshinda kufungua, na mkanda nilimkaza mwenyewe asubuhi mpaka tundu la mwisho kwa sababu kaptula ilikuwa ya kukulia, si unakumbuka. Mwalimu yuko mmoja na watoto darasa zima, atamfungua nani amwache nani. Wiki nzima alikataa kwenda shule na mimi nilidhani anaogopa mwalimu.

Huyu wa tatu kaptula zote zina lasitiki. Kama shule inataka zionekane za zipu, mwambie fundi aweke lasitiki upande wa nyuma tu, mbele abakize bapa, ukichomekea hakuna anayejua. Msichana wa awali gauni lake zipu isiwe mgongoni, iwe mbele au ubavuni, nani atamfungia akitoka chooni? Viatu vya kugandisha badala ya kamba mpaka ajue kufunga. Na wiki moja kabla ya kufungua shule mvalishe nguo zote asubuhi akae nazo nyumbani, aende choo mwenyewe, avue avae, wewe kaa mbali uangalie. Pale atakapokuita ndipo pa kurudisha kwa fundi.

"Pamba tupu ndio bora, hizi za tetroni ni nailoni tu."

Tetroni ya mashati ya shule mara nyingi ni mchanganyiko wa polista na pamba, na kwa anayefua jioni avae asubuhi huo mchanganyiko ndio mkombozi wake, unakauka haraka na haujikunji sana. Pamba tupu ni nzuri kwa jasho ila maji ya kwanza inarudi, kwa hiyo lazima uiloweke kabla haijakatwa, na inataka pasi kila siku, umeme ukikatika unampeleka mtoto kama ametoka kutafunwa na ng'ombe. Cha kukwepa ni ile polista tupu inayong'aa, kwa joto la Dar mtoto anapikika.

Unajuaje? Kwanza kikunje kwenye ngumi uhesabu mpaka kumi ukiachie, kikibaki na makunyanzi mengi kina pamba nyingi. Fundi wetu yeye anachomoa nyuzi mbili tatu anazichoma na kiberiti, pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, polista inayeyuka na kuacha kijidonge kigumu, ikiwa mchanganyiko unaona vyote viwili. Usifanye hivyo dukani kwa mtu lakini. Kwa kitambaa cha bluu lowesha leso nyeupe usugue, ikitoka na rangi basi na mashati yako meupe yatakuwa bluu kabla ya Pasaka.

Kwenye sketi kuna siri moja wauzaji hawasemi. Marinda ya kuzunguka yanakula kitambaa karibu mara tatu ya mzunguko wa mwili, mtoto wa sentimita 60 anataka kama sentimita 180, yaani upana mmoja wa kitambaa cha 150 hautoshi. Kama shule haijasema lazima yazunguke, marinda mawili mbele na mawili nyuma yanampa nafasi ya kukimbia vizuri tu na hela inabaki. Na marinda yashonwe kwenye kitambaa chenye polista, pasi ikishayakamata hayaachii. Kwa pamba utayapiga pasi mpaka uzeeke.

"Lazima ununue shuleni, au duka walilokuelekeza."

Uliza kwanza kipi kina nembo. Shule nyingi za serikali shati ni jeupe na chini ni bluu, hilo shati jeupe halijui limenunuliwa wapi, kinachotofautiana mara nyingi ni sweta na nembo, basi chukua hivyo viwili kwao na vingine katafute. Kuna shule moja nilipewa orodha yenye soksi zao, eti soksi, nikauliza kwa upole tu mwalimu akasema mama nyeupe yoyote. Hata Uingereza, walikotuletea haya mambo ya kaptula na soksi ndefu, 2021 walipitisha sheria ya kuzibana shule za England kwenye gharama za sare, na mwongozo wake unazitaka zipunguze vitu vyenye nembo. Kwa hiyo kulalamika sio ukorofi.

Na mtumba sio aibu. Mashati meupe ya watoto Karume na Tandika yapo ya kumwaga, mengine yalikuwa sare huko huko Ulaya, nimewahi kukuta kijitambaa cha jina la mtoto wa Kizungu kimeshonewa ndani ya kola. Angalia kwapani na kwenye kola kwenye mwanga, kama pana umanjano uliokomaa achana nalo, hautoki. Vifungo pungufu sio shida.

Sasa muda. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza kwa kawaida unaanza Oktoba, nenda na wewe Oktoba, fundi hana foleni na anakusikiliza. Januari fundi anashona usiku, pindo la sentimita 8 linakuwa la 2 na hana hata aibu.

"Jiki ndio inang'arisha."

Jiki kwenye mchanganyiko wa polista ukiizoesha shati linageuka manjano na nyuzi za pamba zinalegea, na ukifulia maji ya kisima yenye chuma ndio unakaribisha madoa ya kutu kabisa, mtu anaongeza Jiki ili madoa yatoke kumbe ndio anayapika. Kola paka sabuni ya mche ukalisugue kabla ya kuloweka, sio baada. Nyeupe anika juani, jua lenyewe linang'arisha bure. Ya bluu igeuze ndani nje uanike kivulini, la sivyo mwezi wa sita ni ya kijivu.

Idadi? Nafua kila jioni, mashati mawili na kaptula mbili zinatosha Dar, nguo ikianikwa saa kumi na mbili na feni, asubuhi imekauka. Masika naongeza shati la tatu. Dada yangu yuko Njombe, yeye bila matatu na sweta mbili hawezi, Julai kule nguo inakaa kambani siku mbili inakuangalia tu.

Halafu kitu kinachokula hela kuliko vyote hakipo hata kwenye orodha, ni kupotea. Sweta za shule moja zinafanana zote, mtoto anaivua saa nne jua likiwaka anaitupa, anarudi bila au anarudi na ya mwenzake iliyochanika. Kalamu ya wino inafutika ukifua, shonea alama ya uzi wa rangi, mahali ambapo mtoto mwenyewe ambaye hajajua kusoma anaweza kuitambua. Ya huyu wangu ina uzi wa njano ndani ya kola, imeshapotea mara mbili na mara zote mbili ameirudisha mwenyewe.