Mlimani Hakuna wa Kujificha Nyuma Yake

Kila Juni ikikaribia, vijana wa Mjini na Bububu huniletea hoja ile ile: "Kocha, mimi Nungwi nakwenda na kurudi kwa baiskeli bila wasiwasi. Hiyo kambi ya mazoezi ya Lushoto itanishinda wapi?" Nawajibu kuwa itawashinda pale pale Mombo, mara tu wakishaiacha barabara kuu na kuanza kuipanda milima ya Usambara, na wala mapafu si ya kulaumiwa.

Hapa Unguja mpinzani wetu ni upepo. Kwenye barabara tambarare, ukienda kilomita 35 kwa saa, nguvu zako nyingi zinaishia kukata hewa, na anayejibana nyuma ya tairi la mwenzake anapunguziwa kazi kwa kama theluthi nzima. Ndiyo maana katika msafara wa Nungwi utakuta wawili watatu wanavuta na waliobaki wanapiga soga. Sasa mpeleke huyo wa soga mlimani. Kasi inashuka hadi kilomita 10 kwa saa, hewa haimzuii kwa kitu cha maana, kwa hiyo kumganda mtu mgongoni hakumsaidii. Kinachobaki ni uzito. Yeye na baiskeli yake wakiwa kilo 75, kipande chenye mwinuko wa asilimia 6 kinamdai wati 120 hivi kwa ajili ya kupanda tu. Si nyingi, ila hazina mapumziko: kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami, na unapanda karibu mita 1,000.

Wapemba hapo hunikatiza kuwa wao wana vilima. Kweli wanavyo, na njia ya Mkoani hadi Chake naipenda kuliko barabara yoyote ya Unguja. Lakini visiwani kwetu hakuna kilima kinachofika hata mita 150 juu ya bahari. Mpemba akiona mwinuko husimama juu ya pedali, akausukuma dakika moja au mbili, kisha akapumua akiteremka upande wa pili. Akienda na tabia hiyo Usambara, kabla ya kufika Soni, njiani kwenda Lushoto, ameshakwisha. Mlima unapandwa umekaa kitini, kwa pumzi inayoruhusu mazungumzo. Kipimo changu hakihitaji mashine: ukipishana na mama aliyejitwika kabichi akakusalimu, nawe ukashindwa kumjibu na kumuulizia hali bila kukatika maneno, umeshazidisha.

Hapo ndipo gia zinapoingia, na watu wetu hawapendi kusikia habari zake kwa sababu wanaona gia nyepesi ni ya wanyonge. Tufanye hesabu. Ukiwa na gia ya meno 34 mbele na ya meno 25 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakusogeza kama mita 2.9. Kwa kilomita 8 kwa saa hiyo ni mizunguko 47 kwa dakika, yaani magoti ndiyo yanayolipa. Weka meno 34 nyuma, mzunguko unakuwa kama mita 2.1, na kwa kasi ile ile miguu inazunguka mara 63. Mwambie fundi akubadilishie kabla hujapanda boti, na aangalie kama mnyororo unatosha na kama mkono wa kubadilisha gia unaimudu gia hiyo kubwa.

Kuhusu hewa nyepesi, tusidanganyane. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Wanaotaka mwili uongeze chembe nyekundu za damu hupeleka watu mita 2,000 na zaidi, kama Iten kule Kenya au mlima Teide huko Tenerife, na huwaweka huko wiki tatu hivi. Kambi yetu fupi haibadilishi damu ya mtu. Inafundisha kupanda mlima, basi.

Wazungu hufanya kambi hizi majira yao ya machipuko, baridi ikishaachia. Mallorca hujaa baiskeli Machi na Aprili. Kuiga kalenda yao ni kujitafutia taabu. Miezi hiyo huku ni masika, Usambara pia, na miaka hii Ramadhani nayo imeangukia Februari na Machi. Mimi napeleka watu Juni, lami ikishakauka. Upepo wa kusi nao unakuwa umeshashika, kwa hiyo wiki za kabla ya safari tunakwenda Makunduchi tukiupokea usoni, kila mtu mbali na mwenzake, marufuku kujificha. Kitu kilicho karibu zaidi na mlima hapa kwetu ni hicho.

Chakula ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ina kama 25. Halua ya Wete iliyokatwa vipande vidogo naiamini kuliko vijipakiti vya wanamichezo, ila inanata kwenye glavu.

Kuteremka ndiko kunakonikosesha usingizi. Mtu wa visiwani hajazoea kushika breki dakika kumi mfululizo. Akizing'ang'ania tu, rimu inapata moto na tyubu inaweza kupasuka. Funga kwa nguvu kabla ya kona, achia, pinda, mguu wa nje ukiwa chini na macho yakitazama unakotaka kutokea, si ukingo unaouogopa. Baki kushoto hata kona ikikuvuta katikati, maana dereva wa basi linalopanda hakuoni mpaka mmekutana. Tena Juni kule ni baridi: ukianza kushuka umelowa jasho, vidole vinakufa ganzi na breki hazishikiki. Vaa glavu na koti jepesi. Koti huna? Sokomeza gazeti kifuani chini ya jezi, kama walivyofanya waendesha baiskeli wa zamani wa Ulaya kwenye milima ya Alps.

Siku ya kwanza simruhusu mtu kushuka hadi Mombo. Wanaishia Soni, wanageuza, wanapanda tena Lushoto, na anayelalamika kuwa ni fupi namrudisha raundi ya pili.