Dawa ya saratani ikikataa: seli sugu mara nyingi zilikuwepo tangu mwanzo

Ndugu wa wagonjwa huniuliza sana: "Daktari, dawa ilikubali, uvimbe ukasinyaa, mbona sasa umerudi na dawa ileile haiugusi?" Wengi hudhani mwili umeizoea. Mwili haujazoea kitu. Waliobadilika ni wakazi wa uvimbe.

Uvimbe wa sentimita 1 tu huwa na mamia ya mamilioni ya seli, na hazifanani. Seli ya saratani ikigawanyika hunakili DNA yake ovyo: kosa hapa, kipande cha kromosomu kimepotea pale. Miaka ikipita, uvimbe mmoja una koo nyingi zenye asili moja na tabia tofauti. Mtafiti wa saratani Peter Nowell aliieleza hoja hii mwaka 1976. Mwaka 2012 watafiti wa London walichukua vipande kadhaa vya uvimbe mmoja wa figo, wakakuta takriban theluthi mbili ya mabadiliko ya jeni hayapo katika vipande vyote. Ndiyo maana jibu la kinyama kimoja, yaani kipande kidogo cha uvimbe kilichotolewa kwa sindano ili kipimwe, silichukulii kuwa habari ya uvimbe mzima; sindano imechungulia chumba kimoja tu cha nyumba.

Chukua saratani ya mapafu yenye hitilafu kwenye EGFR, jeni ambayo protini yake huiamuru seli igawanyike. Dawa ya gefitinib huizima protini hiyo, na mgonjwa aliyekuwa akihema kwa shida anaweza kupata nafuu ndani ya wiki chache. Kisha, baada ya miezi, ugonjwa unarudi. Ukipima upya, karibu nusu ya wagonjwa utawakuta na badiliko la T790M: tofali moja la protini, threonini, limegeuka methionini, na protini sasa inaishika ATP, molekuli inayoipa nishati, kwa nguvu hadi dawa inashindwa kuing'oa. Kwa baadhi yao, seli hizo zilikuwepo kabla ya kidonge cha kwanza, chache mno kuonekana. Dawa iliua majirani, zikabaki na nafasi tele. Kwa wengine, seli zilinusurika kwa kulala tu, bila kugawanyika, badiliko likaja baadaye. Dawa nyingine, osimertinib, iliundwa kwa ajili ya T790M. Nayo imeshapata mpinzani wake, badiliko jingine liitwalo C797S.

Kuchanganya dawa ni mantiki ileile ya TB: seli ya kuhepa dawa moja haikosekani, ya kuhepa tatu zenye njia tofauti ni adimu. Ila sumu za dawa nazo hujumlishana, na hapo ndipo mgonjwa anapochoka.

Kwa hiyo ugonjwa ukirudi, naomba kinyama kipya, au damu pale kipimo cha DNA ya uvimbe kinapopatikana, hata mgonjwa akilalamika kwamba sindano alishachomwa. Kinyama cha mwaka juzi kinaeleza seli ambazo dawa imeshaziua.