Anayekwepa macho si lazima awe mwongo

"Niangalie usoni!" Nani hajawahi kuambiwa hivyo na mtu anayemshuku? Nyuma ya amri hiyo kuna imani kwamba mwongo hawezi kukutazama. Imeenea mno: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwauliza watu wa nchi 58 mwongo anatambulikaje, na karibu theluthi mbili wakataja kukwepesha macho.

Macho yenyewe hayathibitishi hilo. Mwaka 2003 mwanasaikolojia wa Marekani Bella DePaulo na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi, wakapima dalili 158 zinazodhaniwa kumfichua mwongo. Kutazamana hakukuwa na uhusiano wa maana na uongo. Wala haishangazi, kwani mwongo naye anaijua imani hiyo, kwa hiyo anakukazia macho kweli kweli.

Anayeumia ni mkweli mwenye haya. Kwetu, mtoto aliyelelewa vizuri huinamisha macho akisemeshwa na babu yake. Kumkodolea mkubwa ni utovu wa adabu. Kijana huyohuyo akienda kwenye usaili wa kazi na kujibu huku akitazama meza, anaonekana hajiamini, au ana jambo analoficha. Heshima ya nyumbani imegeuka ushahidi dhidi yake!

Uchambuzi mwingine wa mwaka 2006, wa Charles Bond na DePaulo, ulionyesha kwamba watu hutofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa wastani wa asilimia 54 tu. Kurusha shilingi kungewapa 50. Ukitaka kujua ukweli, uliza mambo yanayoweza kuhakikiwa: saa ngapi, wapi, na nani mwingine alikuwepo.