Mchezo ambao hujui unacheza na mtu wa aina gani

Watu wengi wakisikia nadharia ya michezo wanafikiria mpira, ila huku mchezo ni hali yoyote ambayo faida yangu inategemea na wewe utaamua nini. Hesabu zake za mwanzo, zikiwemo za mwanahisabati John Nash mwaka 1950, zilichukulia kwamba wachezaji wote wanajuana vizuri, kila mtu anajua mwenzie anataka nini na atapata nini akishinda. Sasa maisha hayako hivyo, na hapo ndo inakuja dhana ya mchezo wenye taarifa pungufu. Kutoona mwenzio kacheza nini ni jambo jingine, hapa shida ni kwamba hujui huyo uliyenaye ni mtu wa aina gani.

Chukua muuza mitumba pale Memorial, Moshi, ana jaketi zito la baridi ambalo yeye limemgharimu 15,000. Anakuja kijana, "Braza, hili bei gani?" Huyo kijana anaweza kuwa mgumu, yaani mpagazi anayepandisha mizigo ya wageni mlimani Kilimanjaro kesho asubuhi, bila jaketi atateseka kule juu, kwa hiyo hata 40,000 atatoa. Au ni mtu anayepita tu, amelipenda, mwisho wake 25,000. Muuzaji hawezi kuona ndani ya kichwa chake, na akimuuliza unaenda mlimani hatajibiwa ukweli, nani akubali kupigwa bei?

Tuseme kwa mfano tu kwamba katika kila kumi wanaouliza, watatu ni wagumu na saba ni wapita njia, na bei ikishatajwa haishuki. Akisema 25,000 wote wananunua, faida 10,000 kila mtu. Akisema 40,000 faida ni 25,000 lakini kwa watatu tu kati ya kumi, kwa hiyo wastani ni 7,500 kwa kila anayeuliza. Bora aseme 25,000. Ila kijana akianza kuvuta zipu juu chini, anakagua kofia ya jaketi kama inafunga vizuri, hesabu inabadilika. Tuseme wawili kati ya wale wagumu watatu hukagua hivyo, na kwa wapita njia saba wanaokagua ni wawili pia, basi anayekagua ana nusu kwa nusu ya kuwa mgumu, na nusu ya 25,000 ni 12,500, sasa 40,000 ndo bei nzuri. Kubadilisha makadirio kila ukipata dalili mpya ndo kanuni ya Thomas Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763 mwenyewe akiwa keshafariki.

Sasa utamu uko hapa: mgumu mwenye akili anajua anasomwa, kwa hiyo hagusi zipu, analishika jaketi kama hana habari nalo. Muuzaji naye anajua kwamba wajanja hawagusi zipu. Na mnunuzi hajui kama jaketi lilimgharimu mwenzie 15,000 au 30,000, kwa hiyo naye anakisia, na kila mmoja anakisia mwenzie anakisia nini, ukiifuata hiyo haina mwisho kabisa.

Aliyeikata hiyo kamba ni John Harsanyi, mzaliwa wa Budapest aliyesomea ufamasia kabla ya kuingia uchumi, kwenye makala ya sehemu tatu ya 1967 na 1968. Alisema, tuchukulie kwamba kabla mchezo haujaanza kuna bahati nasibu inayompa kila mtu aina yake, mgumu au mpita njia, mwenye gharama ndogo au kubwa, kila mtu anaona ya kwake tu ila wote wanajua uwezekano wa kila aina. Basi ujinga wa kutomjua mtu unageuka kuwa namba. Jibu la mchezo sio bei moja tena, ni mpango wa kila aina: mgumu afanye nini, mpita njia afanye nini, na kila mpango uwe bora ukilinganisha na mipango ya wengine wote. Mi naona ni wazo zuri kuliko yote kwenye hii fani. Mwaka 1994 alipata Nobel ya uchumi pamoja na Nash na Reinhard Selten.

Ila kuna hasara ambayo hesabu haiiondoi. Yule mpita njia aliyegusa zipu akatajiwa 40,000 anaondoka, wakati 25,000 yake ilitosha kabisa kwa jaketi la 15,000, wote wawili wamekosa. Mwaka 1983 wanauchumi Roger Myerson na Mark Satterthwaite walithibitisha kwamba pale muuzaji anapoficha gharama yake na mnunuzi anaficha mwisho wake, na haijulikani tangu mwanzo kama biashara inafaa, hakuna utaratibu wowote wa hiari, bila hela kuongezwa kutoka nje, utakaohakikisha kila biashara inayofaa inafanyika. Hata duka la bei moja, lile ambalo hakuna kupunguziwa, lina tatizo hilohilo, wanaoondoka mikono mitupu wapo, tofauti ni kwamba hakuna aliyebishana nao.