Huzuni peke yake haielezi ngono bila kinga

Imezoeleka kusemwa kwamba wanaume wanaopenda wanaume wenzao, au jinsia zote mbili, huacha kondomu kwa sababu ya sonona: mtu kakata tamaa, hajali tena. Maelezo hayo yanaingia akilini haraka, ila ushahidi wake ni dhaifu. Mwaka 2001 watafiti Nicole Crepaz na Gary Marks walizipima pamoja tafiti zilizokuwepo; hawakuona uhusiano wa maana kati ya huzuni, hasira au wasiwasi na ngono hatarishi. Tena sonona kali mara nyingi huua hamu ya tendo lenyewe.

Kinachoonekana zaidi ni mrundikano. Mwaka 2003 mtafiti Ron Stall na wenzake waliangalia wanaume kama hao wa miji mikubwa ya Marekani: sonona, dawa za kulevya, kipigo cha mwenzi, kudhulumiwa kingono utotoni. Kadiri matatizo hayo yalivyomlundikia mtu mmoja, ndivyo ngono hatarishi na VVU vilivyoongezeka.

Chukua mtu anayeijua kondomu vizuri, lakini akiitaja tu, mwenzi wake anampiga. Kumwambia ajipende ni kupoteza muda (na ndiyo nasaha rahisi kuliko zote). Anahitaji usalama, na pengine vidonge vya PrEP (dawa ya kujikinga na VVU kabla ya kuambukizwa) anavyoweza kumeza bila kumwomba mtu ruhusa.